Begi Alilolikalia Mama Mafundo

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Mafundo alitunza mizigo ya watu katika kituo kikuu cha mabasi, na kwa miaka yote hiyo hakupoteza hata soksi. Hilo alilisema mwenyewe, kila siku, kwa yeyote aliyesimama karibu, na hakuna aliyembishia, maana waliokuwa na ubavu wa kumbishia walikwisha kustaafu.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa jengo, kati ya dirisha la tiketi na choo cha wanaume. Kilikuwa na rafu tatu za mbao, taa moja yenye kigugumizi, na mlango wa bati wenye kufuli ambalo yeye peke yake alijua namna ya kulibembeleza. Risiti hakutoa. Risiti, alisema, huliwa na panya au hufuliwa pamoja na suruali. Alikuwa na utaratibu wake. Mtu akileta mzigo, alimsimamisha mlangoni akamwuliza kwa sauti, "Nini kimo?" Mtu akitaja, Mama Mafundo aliuinua ule mzigo kidogo, akaupima kwa mkono, na maneno yakipatana na uzito alifunga ukanda wa kitambaa kwenye mpini. Ukanda mwekundu ulikuwa wa mzigo mzito, usiinuliwe na mtu mmoja. Wa buluu, vitu vya kuvunjika. Mweupe, chakula, kwa hiyo ukae rafu ya juu mbali na panya. Fundo moja, mwenyewe anarudi leo. Mafundo mawili, kesho. Mafundo matatu, atarudi siku atakayorudi.

Na siku ya kuchukua, mwenye mzigo alisimama palepale akaulizwa lilelile: "Nini kimo?" Asiyejua kilichomo hakupewa, hata awe nani. Kuna mheshimiwa mmoja aliwahi kusimama pale nusu saa nzima, jasho linamtoka, akijaribu kukumbuka mkewe ametia nini kwenye sanduku. Wala mzigo haukufunguliwa mwenyewe akiwa hayupo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa kuliko zote. Fundo lililofungwa na Mama Mafundo lilifunguliwa na mwenye mzigo, kwa vidole vyake mwenyewe.

Kichwani mwake mama huyu alikuwa na ghala zima. Alikumbuka seti ya meno ya bandia iliyokaa miezi minne. Alikumbuka trei ya mayai iliyoingia na mafundo matatu ikatoka na vifaranga wawili. Alikumbuka pia mwaka ule redio ilipotangaza kwamba kuna watu wanaiba figo za abiria waliolala, na kituo kizima kikasafiri mwezi mzima kimeshika mbavu. Figo hazikuibiwa. Kilichoibwa ni mikoba, maana mikono yote ilikuwa mbavuni.

Sasa, miongoni mwa wateja wake alikuwapo fundi cherehani mmoja, mwanamume mpole wa makamo, anayetoka mji mdogo ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Huyu na Mama Mafundo walijuana tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Kanda zote za mle chumbani zilitoka kwenye mkasi wake. Kila akija mjini kununua vitambaa alimletea mabaki, ameyakata vizuri, ameyafunga mafungu kwa rangi.

Safari hii hakuja kununua kitu. Alikuja na begi la turubai la kijani, akalitua mlangoni kwa mikono miwili.

"Nini kimo, kaka?"

"Kichwa cha cherehani, dada. Kile cheusi cha marehemu baba. Gurudumu nimelifunga kwa waya lisizunguke njiani, na nimekivika blanketi."

"Unakipeleka wapi?"

"Sikipeleki popote. Naingia hospitali, natolewa mtoto wa jicho. Na mlango wa duka langu, wewe unaujua, mtu akipiga chafya unafunguka." Akajifuta jicho lenye ukungu. "Dada, hiki kikipotea, jicho hata likipona nitaona nini? Nitaona njaa tu."

"Kwangu kitu hakipotei. Nenda ukatibiwe. Utakuta kama ulivyoacha."

Akafunga ukanda mwekundu, akapiga mafundo matatu. Ndivyo neno lilivyotolewa, na kwa Mama Mafundo neno likishatoka limetoka.

Siku hiyohiyo kigoda chake kilivunjika mguu. Alikitazama, akalitazama begi. Kimo chake kilikuwa kilekile, na juu lilikuwa na blanketi. Kumkalia mteja mzigo wake ni jambo ambalo angemfokea mtu mwingine hadi alie, lakini magoti yake yalikuwa na umri wa kutosha kujitungia sheria. Akalivuta begi hadi mlangoni, akaketi. Alikaa juu yake siku nane, akanywa chai juu yake, akagombana na watu juu yake.

Mwezi huo kituo kilikuwa kimewekewa runinga kubwa kwenye ukumbi wa abiria. Mahali fulani mbali, magaidi walikuwa wameshambulia soko. Watu walikufa kweli, na Mama Mafundo aliwalilia kama alivyolia kila mwenye moyo. Lakini runinga ililipua lango lile la soko mara arobaini kwa siku, hata watoto wakadhani ni masoko arobaini. Kisha kikaanza kipindi kinachoitwa Jihadhari. Ndani yake alikaa Mtaalamu wa Usalama, bwana mwenye miwani na fimbo ndefu ya kuonyeshea picha, akieleza jinsi ya kumtambua gaidi. Gaidi hutazama huku na huku. Tena kuna gaidi mwingine, huyu ni hatari zaidi, hatazami huku wala huku. Gaidi huvaa koti wakati wa joto. Lakini aliyefuzu, alisema Mtaalamu, huvaa kama watu wengine.

Zamani abiria walitazama mabasi yao. Sasa walitazamana. Mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, benchi zima lilihama.

"Huyu bwana," Mama Mafundo alimwambia muuza chai, "amekwisha kutaja watu wote. Amebaki yeye na ile fimbo."

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, chai ilimzidi nguvu. Choo cha wanawake kilikuwa upande wa pili wa kituo, maana waliojenga kituo walikuwa wanaume. Alifunga kufuli, lakini begi aliliacha hapo nje mlangoni. Kulikokota ndani kwa sababu ya dakika tano aliona ni kujitafutia maumivu ya kiuno. Kosa hilo lilikuwa lake, na baadaye hakulikana.

Abiria mmoja aliyevaa suti alitoka kwenye choo cha wanaume akaliona. Begi zito. Peke yake. Tena lina kitambaa chekundu. Akapiga ukelele mmoja tu, akakimbia akiwa hajafunga zipu. Kabla Mama Mafundo hajamaliza kunawa mikono, ukumbi ulikuwa mweupe. Ilibaki runinga peke yake, ikihubiria mabenchi.

Aliporudi alikuta utepe wa njano umezungushwa kutoka nguzo hadi nguzo, na nyuma ya utepe amesimama afisa wa kikosi cha mabomu, kijana mkubwa mwenye fulana nene na kofia ya chuma, macho yake kwenye simu.

"Mwanangu, nipishe. Hilo begi ni langu. Yaani si langu, ni la mteja wangu. Ni kichwa cha cherehani."

"Mama, rudi nyuma."

"Nimekwambia ni cherehani. Nimeikalia siku nane."

"Una ushahidi?"

"Ushahidi gani? Nikuonyeshe nilipokalia?"

Afisa alikohoa. "Mama, hali bado haijaeleweka. Tunafuatilia." Akainua simu. Mama Mafundo alinyoosha shingo akaona anachofuatilia: ni runinga. Ndani ya ile simu lilikuwamo begi lilelile, limepigwa picha kutoka chini hadi likawa kubwa kama nyumba, na maneno mekundu yanapita: VYANZO VYA USALAMA: HUENDA NI BOMU.

"Umeona?" alisema afisa. "Vyanzo vya usalama vinasema huenda ni bomu."

"Vyanzo vya usalama si ndiyo wewe?"

Afisa alifikiri kidogo. "Mimi nimewaambia hatujui bado."

"Basi wamelitoa wapi?"

"Wana wataalamu wao, mama," alisema, na kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba kama wao wana wataalamu, yeye ni nani.

Mtangazaji alikuwa hatua kumi kutoka hapo, msichana mzuri, nusu ya juu amevaa koti la ofisini na nusu ya chini kandambili, maana kamera iliishia kiunoni. Alikuwa akinong'ona kama mtu aliye karibu na mgonjwa. Mama Mafundo alimwendea.

"Binti, waambie watu kwamba ni cherehani."

Mtangazaji alitazama kipaza sauti chake, akamtazama mama, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Bibi, cherehani tutaisema mwishoni. Tukiisema sasa, watu watahamia mpira."

Simu ya Mama Mafundo ikaita. Alikuwa binti yake, yuko nyumbani, ng'ambo ya mji.

"Mama! Uko wapi? Kuna bomu kituoni kwenu!"

"Niko kituoni. Hakuna bomu."

"Lipo, mama, naliona! Kuna moshi!"

"Mimi niko hapahapa, sioni moshi."

"Upo nyuma ya begi, upande wa kushoto."

Mama Mafundo akageuka. "Hilo ni jiko la muuza chai. Amekimbia ameliacha linawaka."

"Mama, usibishane nami. Mimi naona, wewe huoni. Wameleta picha hadi ya vile vifundo. Yule bwana mwenye fimbo anaeleza kwamba nyekundu ni damu, na mafundo matatu ni washambuliaji watatu. Ni alama zao za siri, zinatumika nje ya nchi!"

"Hivyo vifundo ninavyofunga tangu ukiwa unanyonya?"

"Vinafanana," alisema binti, "lakini sivyo."

Mama Mafundo alikata simu. Tangu asubuhi alikuwa akicheka moyoni. Hapo cheko likamkauka. Kama mwanawe wa kumzaa, aliyejifunzia kuhesabu kwenye mafundo yale, ameyakana kwa sababu ya bwana mwenye fimbo, nani mwingine atayajua?

Ndipo alipomsikia afisa akizungumza na wenzake wawili waliokuwa wamebeba kisanduku cha chuma na waya mrefu. Watalilipua. Kifurushi kidogo tu cha baruti pembeni ya begi, basi.

"Lini?" aliuliza mmoja.

"Saa saba kamili."

"Mbona tuko tayari sasa hivi?"

"Saa saba ndiyo taarifa ya habari," alisema afisa.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika sita. Mama Mafundo aliliona lile jicho lenye ukungu likifutwa kwa kiganja. Aliisikia ile sauti: nitaona njaa tu. Alijiona yeye mwenyewe amesimama mlangoni siku ya mafundo kufunguliwa, hana fundo la kufungua, anamwambia mtu vipande vimetapakaa hadi kwenye dirisha la tiketi. Miaka thelathini na mmoja, hata soksi.

Akapiga moyo konde. Akainua utepe wa njano kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akajikongoja hadi mlangoni kwake, akaketi juu ya begi. Kisha akatengeneza gauni lake lifunike magoti, maana alijua anaonekana nchi nzima.

Wale wawili waliangusha kisanduku. Afisa alipiga filimbi, akasahau kwa nini ameipiga. Mtangazaji sasa alinong'ona hadi akakaribia kuishiwa pumzi: "Watazamaji, mwanamke asiyejulikana... nasema asiyejulikana... amelikalia bomu!"

"Nani asiyejulikana?" Mama Mafundo alifoka kutoka kule alikokaa. "Kaulize kituo kizima!"

Kwenye runinga ya ukumbini Mtaalamu alikuwa ameshasimama. Mama huyu, alisema, ama ni mateka ama ni mmoja wao. Tazameni jinsi alivyotulia. Utulivu wa namna hii haupatikani bila mafunzo.

Simu ikaita tena.

"Mama, uko salama? Kuna mama mmoja kichaa kalikalia bomu!"

"Ni mimi."

"Siyo wewe. Huyu mnene."

"Ni mimi, mwanangu. Kamera inanenepesha. Tazama, napunga mkono."

Alipunga. Kule nyumbani kitu kilianguka, kikavunjika, simu ikakatika.

Afisa alimkaribia hatua tatu, akasimama nyuma ya nguzo. "Mama! Kama ni cherehani, basi lifungue tuone, tumalize!"

"Silifungui."

"Unaona? Kwa nini usilifungue?"

"Kwa sababu si langu. Mwenyewe yuko hospitali. Mzigo wa mtu haufunguliwi mwenyewe akiwa hayupo. Nimemnyima mheshimiwa, sembuse wewe."

"Mama, hii ni amri!"

"Na mimi nina utaratibu. Umekuta utaratibu wangu hapa, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni."

Wakatazamana. Taarifa ya habari ikasoma begi, ikarudia begi, ikaonyesha lango la soko likilipuka mara mbili ili watu wasisahau, ikarudi kwenye begi. Mama Mafundo alikaa tu. Alipiga miayo. Akakwaruza kisigino. Kwenye runinga miayo haina mshindo, na kufikia saa saba na nusu kule studio walianza kutazamana. Mara ikaja habari kwamba mchezaji mmoja maarufu ameachana na mkewe. Mtangazaji akabonyeza kidude sikioni, akasikiliza, akakunja waya, akavaa viatu, akaondoka na gari lake bila hata kuaga.

Kituo kikawa kimya. Afisa alitazama simu yake. Alikuwapo mchezaji, alikuwapo mke, begi halikuwapo. Polepole akavua kofia ya chuma. Akaja hadi mlangoni, akaligusa begi kwa ncha ya kiatu.

"Ni cherehani kweli?"

"Nilikwambia asubuhi."

"Inaonekana nzito."

"Ndiyo maana ina kitambaa chekundu."

Afisa alitikisa kichwa kama mtu aliyefumbuliwa fumbo, akakunja utepe wake. Jioni runinga ilitangaza kwamba kikosi kimezima shambulio kubwa bila kumwaga hata tone la damu. Cherehani haikutajwa, wala mwishoni.

Ukafuata wakati mbaya. Abiria walirudi, ila mizigo haikurudi. Watu walipita mbali na mlango wake wakikumbatia masanduku yao kama vichanga. Wengine walimpiga picha, kisha wakakimbia. Rafu tatu zikabaki tupu. Muuza chai alimletea chai akiinyoosha kwa mkono mrefu. Mama Mafundo alimtengenezesha fundi seremala mguu mpya wa kigoda, yaani alimfokea mpaka akautengeneza, na begi akaliingiza ndani, rafu ya chini, mafundo matatu yakiwa kama yalivyofungwa. Alilala na kuamka akihesabu siku. Sasa lililobaki ni moja tu: mwenyewe aje, achukue.

Siku ya tano mwenyewe akaja. Alikuwa na pamba juu ya jicho moja na mfuko wa dawa mkononi. Ila hakufika mlangoni. Alisimama kwenye nguzo, palepale aliposimama afisa.

"Karibu, kaka. Jicho vipi?"

"Naona vizuri sana, dada. Hata runinga ya wodini niliiona."

"Basi uliniona."

"Nilikuona. Nikasema, masikini dada yangu, wamemteka. Nikakuombea."

"Na begi?"

Fundi alitazama chini. "Begi niliona linafanana na langu. Kijani, turubai. Nikasema, watu hawa wabaya kweli, hadi begi wametafuta la kufanana na la kwangu. Wodi nzima tulipiga makofi waliposema watalilipua. Na mimi nilipiga, dada."

Mama Mafundo aliingia ndani, akaliburuta begi hadi mlangoni.

"Njoo hapa."

"Dada, huwezi kujua. Katika siku zote hizi, mtu anaweza kuwa ametia kitu. Yule bwana alieleza vizuri sana, ana picha. Fungua wewe."

"Mimi sifungui mzigo wa mtu. Njoo usimame hapa."

Akaja, hatua moja moja, kama anayekanyaga mayai. Mama Mafundo alisimama wima, mkono kiunoni, akamwuliza kwa sauti iliyofika hadi dirisha la tiketi:

"Nini kimo?"

"Inasemekana..."

"Sikuuliza inasemekana nini. Mkasi ulioukata ukanda huu ni wa nani?"

Fundi aliinama. Aliushika ukanda mwekundu, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kama afanyavyo fundi akipima kitambaa. Akaligeuza pindo lake. Uso ukambadilika.

"Ni wangu. Hili ni baki la gauni la harusi la binti wa mwenye duka la dawa."

"Nini kimo?"

"Kichwa cha cherehani," alisema fundi. "Cheusi. Cha marehemu baba."

"Gurudumu?"

"Nimelifunga kwa waya. Mimi mwenyewe." Akapiga magoti akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akafunua blanketi, akafungua waya, akalizungusha gurudumu kwa kiganja, na sindano ikapanda na kushuka, tak-tak-tak, ikiwa nzima.

Kwenye benchi la karibu watu wanne waliruka kwa pamoja wakatokea mlango wa nyuma. Mmoja aliacha sanduku lake.

Mama Mafundo aliukunja ukanda mwekundu akautia mfukoni. Akaliendea lile sanduku, akaliinua kidogo, akalipima kwa mkono. Kisha akaketi kwenye kigoda chake akisubiri mwenyewe arudi, aje aulizwe.